Fimbo Kumi na Mbili za Dervla

Dervla Considine hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikunywa nusu, akaenda dirishani. Akanywa tena kidogo, akatoka kugeuza nguo kwenye kamba. Iliyobaki aliikuta jioni juu ya mashine ya kufulia, imepoa na kufanya utando. Mumewe Torcuil, aliyefanya kazi kwenye vizimba vya samaki kule chini ghubani, alisema ameoa mwanamke mwenye siafu viatuni. Alisema kwa mapenzi, lakini alisema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dervla alikuwa anamaliza mwaka wa tano katika kijiji cha Glen Torran, na jembe hakuna aliyempa. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Alipojifungua Úna waliletewa supu za kutosha kumwogeshea mtoto. Lakini kutendewa wema ni kitu kimoja na kuhitajiwa ni kingine, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kazi huijua tofauti hiyo kama ulimi unavyojua pengo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya baba yake, Mossie Considine, ng'ambo ya maji, Clare, Ireland. Mossie alichonga fimbo za hurling, mchezo wa fimbo na mpira wa Waairishi. Parokia nzima ilicheza na fimbo zake, kuanzia watoto wa miaka mitano hadi padri. Dervla aliijua harufu ya ash, mti wa fimbo hizo, uliopasuliwa asubuhi hiyo kabla hajajua kusoma, na alipofika miaka kumi na sita mafundi wenzake na baba yake hawakuweza tena kusema ipi kachonga baba na ipi kachonga binti.

Halafu akampenda mtu wa Nyanda za Juu za Uskoti, akaja mahali ambapo watu nao wana fimbo na mpira wa ngozi, ila mchezo wao ni shinty.

Michezo hii miwili ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa na mama tofauti. Fimbo ya hurling ina kichwa kipana, bapa, kama mwiko wa kusongea, kwa sababu mchezaji huubeba mpira juu yake akikimbia, na huudaka hewani kwa mkono. Fimbo ya shinty kichwa chake ni chembamba, kimekatwa mshazari pande zote mbili, na mpira haugusi mkono wa mtu isipokuwa kipa. Kule Clare timu ni watu kumi na watano na mechi ni Jumapili, misa ikiisha. Glen Torran ni watu kumi na wawili na mechi ni Jumamosi, maana Jumapili ni ya Mungu peke yake. Jumapili yake ya kwanza Dervla alianika nguo nje, na wiki nzima watu dukani walimuuliza kama zilikauka vizuri.

“Fimbo gani hiyo haina uso?” baba yake aliuliza kwenye simu alipomtumia picha.

“Huku hawadaki mpira, Baba.”

“Sasa wanaucheza na nini? Na sala?”

Zaidi ya hapo, yote yalikuwa yaleyale. Huku na kule hakuna alipwaye hata senti. Huku na kule mama aliyechora mistari ya uwanja asubuhi ndiye anayemimina supu jioni. Mtoto huandikishwa klabuni hata kabla ya ubatizo, na mtu akihamia timu ya kijiji cha pili, bibi yake huacha kusema naye. Kwa hiyo Dervla aliwaelewa watu wa Glen Torran vizuri sana. Ndiyo sababu kukaa pembeni kulimuuma.

Mnamo Novemba, Eachann, mchongaji wa fimbo wa kijiji, alipigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka sabini na minne, mkavu, mdomo wake kama tupa. Mkono wa kulia ukalala na haukuamka. Karakana yake, kibanda cha mabati mwisho wa uwanja, ilikuwa mali ya klabu, na kamati ilikuwa inakimezea mate kile kiwanja siku nyingi, maana wachezaji wa kike walikuwa wanabadilishia nguo ndani ya basi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Seonaid Tolmie, mgawa barua. Hakuzungusha maneno.

“Tunavunja tujenge vyoo na chumba cha wasichana,” alimwambia Dervla mlangoni, barua mkononi. “Fimbo tutanunua za kiwandani.”

“Mimi naweza kuchonga.”

“Za hurling.”

“Mti ni mti, Seonaid.”

Seonaid alimtazama, akamtazama na Úna aliyekuwa ameng'ang'ania mguu wa mama yake na kijiko mdomoni. “Haya. Mechi ya kwanza ya nyumbani, mwezi wa nne, dhidi ya Kilbrae. Tuchongee kumi na mbili. Zikicheza dakika zote tisini, karakana ni yako na vyoo nitatafuta pengine. Zisipocheza, tunavunja, na tusilaumiane.”

Baridi nzima Dervla alishinda kwenye kile kibanda. Úna alilala mchana ndani ya kreti la tufaha lililotandikwa manyoya ya kondoo, na akiamka alicheza na maranda ya mbao. Eachann alikuja kila siku saa nne akiburuta mguu, akaketi juu ya ndoo, akaanza kazi yake mpya ambayo ilikuwa kukosoa. Hakumwita kwa jina. Alimwita Clare.

“Clare, hicho ni kichwa cha fimbo au ni kiatu cha farasi?”

“Subiri nimalize, mzee.”

“Ukimaliza nitakuwa nimezikwa.”

Walibishana juu ya kila kitu. Eachann alitafuta tawi lililojipinda lenyewe. Dervla alitaka shina kwenye mzizi, pale nyuzi za mti zinapogeuka kwenda ardhini, kama alivyofundishwa. Wakabishana juu ya mafuta, juu ya msasa, juu ya nani kati ya watakatifu wa Ireland aliyeleta mchezo Uskoti, na kama alifukuzwa kwao. Siku moja moja Dervla alirudi nyumbani akicheka peke yake. Siku nyingine alirudi na kumwambia Torcuil akate tiketi za meli, yeye na mtoto wanarudi Clare, na Torcuil akawasha jiko, akangoja.

Jambo moja tu hawakubishania. Kanuni ya shinty inasema kichwa cha fimbo lazima kipite kwenye pete ya inchi mbili na nusu, na chuma hakiruhusiwi mahali popote. Eachann alikuwa na pete yake ya shaba, imening'inia kwenye msumari juu ya dirisha, aliyoachiwa na mjomba wake.

“Ikipita hapa,” alimwambia, “inapita popote.”

Dervla alipitisha zote kumi na mbili. Kila moja alichonga mpaka ipite ikigusagusa pande zote, hapana nafasi ya kuingiza unywele, kwa sababu mti mwingi ni nguvu nyingi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa: chukua mpaka mwisho wa ulichoruhusiwa. Wiki ya mwisho alilala kidogo, akala kwa kusimama, na akaota fimbo zinapasuka moja baada ya nyingine kwa mlio wa biskuti.

*

Jumamosi yenyewe mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoonekana ila koti linalowa. Theluji ilikuwa bado vilimani. Asubuhi mabeki wawili walizoa mavi ya kondoo uwanjani kwa sepetu, Seonaid akapitisha chokaa kwenye mistari, na saa saba na nusu mchana basi la Kilbrae likaingia.

Habari zilikuwa zimeshawafikia.

“Yuko wapi huyo Mwairishi?” mmoja wao alipaza sauti akishuka. “Tumesikia mmechongewa miiko. Mnataka kucheza au kukaanga mayai?”

“Tutakukaanga wewe,” alijibu Fearchar, kapteni wa Glen Torran, kijana mrefu mfuga kondoo. Lakini Dervla aliona jinsi alivyoiangalia fimbo yake mpya baada ya kusema hivyo, kama mtu aliyevalishwa suti ya kuazima.

Kapteni wa Kilbrae akaenda kwa refa, akanong'ona. Refa, Bwana Gillies, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba nyuma ya kichwa, alikuwa na haki ya kupima fimbo akitaka, na mara nyingi hakutaka. Leo, kwa kuwa ameombwa, akatoa pete mfukoni.

“Moja moja, waungwana.”

Ya kwanza ikapita. Dervla aliyekuwa nyuma ya kamba, Úna mgongoni kwenye kibebeo, akatoa pumzi. Ya pili ikakwama.

Bwana Gillies akaigeuza, akasukuma. Ikakwama. Ya tatu ikakwama. Ya nne ikapita kwa shida. Ya tano, ya sita, ya saba, zote zikaingia nusu na kusimama kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Watu wa Kilbrae wakaanza kucheka, si kwa ubaya sana, ila kicheko hakihitaji ubaya ili kichome.

“Nimeruhusu tatu,” Bwana Gillies alisema mwishoni. “Tisa haziingii uwanjani. Pole.”

“Lete za zamani,” Fearchar akasema bila kumtazama mtu. “Zile za Eachann. Ziko kwenye gari langu, hata zilizofungwa tepu.”

Seonaid alikuwa amesimama na ndoo yake ya chokaa. Alimwangalia tu Dervla, kisha akakiangalia kibanda cha mabati, na Dervla akajua kwamba pale kichwani mwake vyoo vimeshajengwa.

Masikio yalikuwa yanamwaka. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka kwenda mbali kuliko nyumbani. Badala yake miguu ilimpeleka mbio hadi karakana, akaichomoa pete kwenye msumari, akarudi nayo, akaokota fimbo moja iliyokataliwa na kuipitisha mbele ya refa. Ikapita.

“Si hii hapa imepita?”

Bwana Gillies akavua miwani, akafuta mvua, akavaa. Akaweka pete yake juu ya ile ya shaba. Waliokuwa karibu wakainama kutazama. Ya shaba ilikuwa kubwa zaidi, unene wa kucha tu, na upande mmoja wa ndani ulikuwa umelika mpaka unang'aa na kuwa mwembamba kama ukingo wa kijiko cha zamani.

Nyuso zote zikageuka kwenye gari lililoegeshwa kando ya mstari, kioo kimeshushwa, Eachann ndani na blanketi magotini.

“Ulijua?” Fearchar alimuuliza. Sauti yake haikuwa nzuri. “Mzee, ulimpa pete iliyolika ukijua?”

“Lete hapa.”

Wakampa. Akaizungusha kwa mkono wa kushoto, polepole, akapitisha kidole gumba pale palipolika.

“Wewe siku zote ulisema hakuna wa kukurithi,” Fearchar akaendelea. “Sasa umehakikisha.”

“Nyamaza, Fearchar,” Dervla akasema.

Hakujua kwamba atasema. Lakini baridi nzima alikuwa ameitazama ile mikono, ule uliolala na ule ulio macho, na kitu kimoja alikuwa amekiona bila kukijua. Eachann alipompa fimbo zake za zamani ajifunzie, kila moja ilipita kwenye pete ikicheza, ina nafasi pande zote. Yeye alidhani mzee ni mwoga wa mti. Na mara ile moja Eachann alipojaribu kumwonyesha kwa mkono wa kushoto jinsi ya kupitisha, alikuwa anatazama mvua dirishani. Hakuwa akipima. Alikuwa anamalizia tu, kama mtu anavyopiga ishara ya msalaba.

“Hakujua,” Dervla akawaambia. “Vidole vyake vilijua, yeye hakujua. Alikuwa anapunguza kabla ya kufika kwenye pete. Mimi ndiye niliyechonga mpaka mwisho.”

Eachann alikuwa bado ameinamia shaba. “Miaka hamsini na tatu,” akasema. “Nimeila mwenyewe.” Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu na mdomo uleule. “Sasa mmesimama mnanitazama nini? Mimi maiti? Saa ngapi?”

“Dakika ishirini kuanza,” Bwana Gillies akasema.

“Bwana Gillies,” Dervla akasema, “ukinipa hizo dakika ishirini, utazipima tena?”

“Kanuni inasema nipime fimbo. Haisemi mara ngapi.”

“Hakuna muda!” Fearchar akasema. “Tisa? Tuna za zamani, tuanze tukacheze.”

“Nipe zako dakika ishirini, Fearchar. Baada ya hapo chukua hata mti wa ufagio.”

Hakungoja jibu. Torcuil alikuwa ameshafungua nyuma ya pick-up, maana alimjua mkewe. Akampokea Úna, na kule nyuma pakawa meza. Randa ndogo, tupa, kisu cha mipini miwili, hivyo vilikuwepo. Jiliwa, chuma cha kubania mti, halikuwepo: lile la karakana lilifungwa sakafuni kwa bolti, na refa na pete yake hawakuweza kuondoka uwanjani. Dervla akabana fimbo ya kwanza kwa goti, ikateleza. Akabana tena, ikateleza.

Mlango wa gari ukasikika. Eachann akaja, mguu ukichora mstari kwenye matope, akajilaza kifua juu ya mpini wa fimbo na kuukandamiza pale kwa uzito wake wote.

“Haya, Clare. Mimi jiliwa. Chonga.”

“Utaumia.”

“Jiliwa haliumii.”

“Jiliwa hili linaongea.”

“Chonga, mwanamke!”

Akachonga. Maranda yaliruka na kubandika kwenye koti la mzee na kwenye nyusi zake. Upande wa kulia, upande wa kushoto, geuza, pete ya refa, bado, tena kidogo, ikapita. Inayofuata. Aliacha kusikia watu. Alisikia tu sauti ya chuma kikila mti, na mara moja moja Eachann akinong'ona, “Fuata nyuzi, fuata nyuzi, usizikatize.” Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya sita na ya saba muda ulikuwa unaisha, na kisu kikakatiza nyuzi. Alijua wakati uleule, kama mtu anavyojua amejikata kabla damu haijatoka. Akaziacha hivyo hivyo. Ya nane filimbi ikalia akiwa nusu.

“Saba na tatu, kumi,” Bwana Gillies akasema baada ya kupima. “Safi.”

Fearchar alikuwa mmoja wa wawili waliobaki bila. Akaokota ya zamani iliyofungwa tepu na kuingia uwanjani.

*

Refa wa shinty huurusha mpira juu kati ya watu wawili waliokutanisha fimbo angani. Ulipopanda, Dervla alikuwa anatembea. Dakika zote tisini alitembea, kutoka goli hadi goli, nje ya kamba, akirudi, maranda kwenye nywele, na kila mgongano wa mti na mti ulimwingia mbavuni. Wengine waliangalia mpira. Yeye aliangalia fimbo tu.

Dakika ya kumi na nane, fimbo ya sita ikavunjika. Hakukosea: ilipasuka palepale alipokatiza nyuzi. Kilbrae wakapiga kelele, mmoja akaokota kipande na kumpungia nacho. Dakika ya thelathini Kilbrae wakafunga. Kabla ya mapumziko fimbo ya zamani ya Fearchar ikafumuka tepu na kichwa kikaruka kuliko mpira.

“Nani ana nyingine?” akapiga kelele.

Dervla alikuwa amemaliza ya nane, nusu iliyobaki, kwa kutembea nayo huku anaipiga msasa. Akakimbia hadi kwenye mstari. Refa akapima, ikapita. Fearchar akaichukua, akaitazama, akamtazama.

“Ni nzito,” akasema.

“Kimbia basi!”

Kipindi cha pili, fimbo ya saba nayo ikavunjika, kama alivyojua. Nyingine zikashika. Aliziona zikipinda na kurudi, zikimeza mapigo ambayo fimbo za tepu zingetema vipande. Glen Torran wakafunga, wakafungwa, na dakika tano kabla ya mwisho Fearchar akapiga mmoja kutoka mbali sana, chini chini, ukapita katikati ya miguu mingi kama panya anayeijua njia yake. Mbili kwa mbili. Filimbi. Hakuna aliyeshinda, na wote walikuwa wameloa mpaka mifupani.

Wakaingia ukumbini, timu zote mbili, kama ilivyo desturi, maana huwezi kumpiga mtu ugoko dakika tisini kisha umwache aende na njaa. Palikuwa na supu ya shayiri na kondoo, mkate, chai nyeusi kama lami. Watu wa Kilbrae waliketi kati ya watu wa Glen Torran na kuulizana habari za mashangazi. Dervla hakuketi. Alimwendea Seonaid aliyekuwa na upawa mkononi.

“Niambie.”

“Kamati itakutana Jumatano.”

“Hapana, Seonaid. Niambie sasa. Jumatano siifiki, nitapasuka.”

Seonaid akauweka upawa chini.

“Zimevunjika mbili,” akasema. “Nilisema dakika tisini.”

“Mbili, ndiyo. Ya sita na ya saba. Nilikatiza nyuzi kwa haraka na nilijua nilipokuwa nakata. Mti haukuwa na kosa, na mzee hakuwa na kosa. Ni mimi. Moja sikuiwahi, na tisa zimecheza.” “Hicho ndicho nilicho nacho cha kusema. Ukitaka kuvunja, vunja. Wasichana wanahitaji mahali, sikatai. Lakini usinifanye nisubiri.”

Seonaid akafungua mdomo. Lakini kabla hajasema, Fearchar alikuwa amenyanyuka na supu yake, amepita kati ya viti, na ameitupa fimbo juu ya meza mbele ya Dervla, vyombo vikaruka.

“Hii nzito mbele,” akasema. “Siwezi kucheza nayo hivi. Angalia.”

“Ya kwangu mpini unateleza,” akasema beki mmoja kutoka meza ya nyuma, akaipitisha juu ya vichwa vya watu.

“Na mimi yangu fupi! Nilimwambia mimi mrefu.”

“Wewe si mrefu, umekaa juu ya mkoba.”

“Ya kwangu imekatwa mshazari upande mmoja kuliko wa pili, mpira unapinda.”

“Mpira wako unapinda tangu shule ya msingi!”

Zikaja, moja baada ya nyingine, zina matope, zimeandamana na malalamiko, na meza ikajaa mpaka sahani zikakosa pa kukaa. Dervla aliwatazama. Mgeni akileta zawadi mbaya, mwenyeji hushukuru. Kwa miaka mitano alikuwa amesikia ahsante na pole na karibu tena, na hata siku moja hakuna aliyemlalamikia.

Eachann, maranda bado kwenye nyusi, akapuliza supu yake. “Umekwisha, Clare,” akasema. “Wameanza kunung'unika. Hawatakuachia raha mpaka ufe.”

Seonaid aliiangalia meza, akaangalia dari, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyegawa barua miaka thelathini na mvua zake. “Vyoo nitaviweka nyuma ya ukumbi huu,” akasema. “Kule kwenye mitaro. Mungu anisaidie.” Kisha akauchukua upawa. “Ila na wasichana nao wanataka fimbo. Kumi na mbili. Kabla ya mwezi wa sita. Na watoto, sijui wangapi, niulize Jumatatu.”

Torcuil akavuta kiti kwa mguu, Úna amelala begani kwake na mdomo wazi. “Kula kwanza,” akamwambia mkewe.

“Nakula,” akasema Dervla, akiwa amesimama, na mkono wake tayari unapapasa kichwa cha fimbo ya Fearchar, ukitafuta pale penye uzito.

“Nzito mbele,” Fearchar akarudia, “sijui utafanyaje.”

“Ni nzito mbele, au mkono wako mwepesi?”

Meza ya Kilbrae ndiyo iliyocheka zaidi. Fearchar akawa mwekundu mpaka shingoni, akacheka naye. Dervla akaomba penseli kwa Bwana Gillies, akaandika jina la Fearchar kwenye mpini, na chini yake, kwa herufi ndogo, *punguza*. Kisha akanyoosha mkono apewe ya pili.